Noti ya dola 10 ya mji mdogo Iowa: noti tamu, duka nyota 3

Wadau mi nakaa Iowa, Marekani, mwaka wa sita sasa na huu ugonjwa wa noti za zamani ulinikamata siku niliyojua kwamba zamani huku hata kabenki ka mji wenye mtaa mmoja kalikuwa na noti zake zenye jina lake. Sio utani. Kuanzia 1863 mpaka 1935 benki inaweka bondi za serikali kwenye Hazina ya taifa kama dhamana, serikali inachapa noti zenye jina la benki, mji na namba ya leseni, benki inazitoa.

Sa nikaagiza duka moja la mtandaoni (jina naliacha) dola 10 ya 1929, ya mji ambao napita kila Jumamosi nikienda kwa shemeji. Muhuri wa kahawia, picha ya Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani, katikati, kushoto jina la benki kwa wino mweusi na saini za keshia na rais wa benki chini yake. Dola 95! Afu humohumo dukani kuna dola 20 ya benki kubwa ya Chicago inauzwa 60. Ndo ujue hapa unalipia mji, ile namba kubwa ya pembeni, 10 au 20, haina kazi.

Wamefunga vizuri, plastiki ngumu katikati ya makaratasi magumu, imefika siku ya nne.

Kilichoniudhi, tangazo lilisema haina mkunjo. Nimewasha tochi ya simu nikaimulika kwa ubavu, mstari wa mkunjo huo hapo katikati, mtu kaipiga pasi karatasi ikalala kama shati la harusi. Nikawaandikia, kimya siku tisa, afu wakasema nirudishe kwa nauli yangu au wanirudishie dola 20. Nikachukua 20, maana nyingine ya mji ule nimeitafuta miezi mingapi sijaiona.

Ukinunua kwao dai picha ya mbele na nyuma iliyomulikwa kwa ubavu kabla hujalipa, na usidanganyike na noti iliyonyooka sana.

Shemeji kaigeuza geuza akauliza kama bado inanunua mafuta. Inanunua, ni pesa halali mpaka leo, ila ni ya dola 10 tu, akacheka mpaka nikamnyang'anya.