Muuza samaki wa Dodoma na utabiri wa bahari: uzoefu wangu na TMA na Windy

Nauza samaki wa bahari Dodoma. Huku kwetu mtu akitazama mbingu anatafuta mvua ya mtama na alizeti, kwa hiyo wateja hushangaa wakinikuta na ramani ya mawimbi kwenye simu. Lakini changu na kolekole ninaowauza wanavuliwa Kilwa na Mafia. Boti zisipotoka kule, friza langu linabaki na barafu tu, na mama lishe wanaonitegemea wanakosa kitoweo cha bahari.

Ninachosoma kwanza ni utabiri wa siku tano wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Uko kwa Kiswahili, unataja maeneo kwa majina: Lindi, Mtwara, Pwani pamoja na Mafia, Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Pemba. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kinachonifaa zaidi ni pale wanapoeleza uwezekano wa jambo kutokea na kiwango cha athari, kwa sababu mimi sihitaji kujua upepo tu, nahitaji kujua kama uvuvi utasimama. Wakiandika upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, hata kama ni njano, sitoi oda ya samaki wabichi. Fedha ile naipeleka kwenye dagaa wakavu na vibua waliogandishwa.

Kimbunga Hidaya ndicho kilichonifanya niwaamini kabisa. Vimbunga kwetu ni nadra. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa kimbunga, ndiyo maana vingi huzaliwa kusini zaidi na kuzipiga Madagascar na Msumbiji. Nadra si kamwe: Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, Lindi ikapigwa Aprili 1952. Mei 2024 taarifa za TMA zilianza kutoka siku kadhaa kabla, zikawa zinafuatana, na kimbunga kikafika jirani na Mafia tarehe 4. Boti ya nahodha ninayefanya naye kazi ilikuwa imeshavutwa juu pwani, na fedha zangu zilikuwa bado mkononi.

Baada ya hapo bahari ilitulia mapema kuliko barabara. Mvua iliyokuja na kimbunga kile iliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na samaki wa Kilwa hawana njia nyingine ya maana ya kunifikia. Tangu hapo sisomi mawimbi bila kusoma na mvua ya Lindi na Pwani.

Windy naifungua baada ya TMA. Ni ramani ya bure, unagusa sehemu ya bahari unayoitaka, inakupa upepo, urefu wa wimbi, upande linakotoka na sekunde kati ya wimbi na wimbi. Hizo sekunde ndizo zilizonifundisha mengi, na wenzangu wengi wanazipita. Mita 2 zenye sekunde 12 ni mawimbi marefu yaliyozaliwa mbali kusini. Boti inapanda na kushuka taratibu. Mita 2 zenye sekunde 5 au 6 ni mawimbi ya upepo wa hapo hapo, mafupi, yamesimama wima, yanaingiza maji kwenye boti ya faiba. Namba ni ile ile, bahari ni mbili tofauti. Tena urefu unaoandikwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Wimbi moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake, na nahodha lazima awe tayari kwa hilo.

Windy ina mipaka yake, na si yake peke yake. Ni ya ramani zote za namna hii. Hesabu zake zinaigawa bahari kwenye miraba ya kilomita nyingi, kwa hiyo mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi hauonekani, na maji yaliyokingwa nyuma ya Mafia hayaonekani yalivyo. Siku moja niliona namba mbaya nikampigia nahodha kumwambia apumzike.

"Dada, hiyo ni ya nje ya mwamba," akanijibu. "Huku ndani tunavua. Ila keshokutwa bamvua, mkondo utapingana na kusi, siendi."

Keshokutwa hiyo ramani ilionyesha kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, la kawaida tu. Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na mkondo wake ukikutana uso kwa uso na upepo, mawimbi hufupika na kusimama wima, na hilo anayelijua ni mtu wa pale. Kwa hiyo mimi naangalia ramani, halafu napiga simu. Sijawahi kuona sababu ya kuacha kimojawapo.

TMA nawapa nyota tano, Windy nne. Kwa mfanyabiashara mwenzangu wa Dodoma, Singida au Manyoni anayetaka kuanza: kusi likikolea, Juni hadi Agosti, zisome zote mbili kabla ya kutuma fedha, na usiahidi mtu samaki wabichi kwa tarehe. Kaskazi ni nafuu kwa kiasi, ila Januari nako kuna siku upepo unachafua bahari. Bando linalotumika ni dogo, taarifa ya TMA ni maandishi na picha chache tu. Kwa sasa natafuta nahodha wa pili upande wa Tanga, ili Lindi ikiwa njano na Tanga haijatajwa, niwe na pa kuagiza.