Kifaa Gani cha Kupangilia Rangi? Vya Bure, vya Kulipia na vya Kupita Tu

Ukianza kutengeneza tovuti ya biashara, kipeperushi au bango, haichukui muda kabla hujauliza: nitumie kifaa gani mtandaoni kupangilia rangi, na kuna haja ya kulipia? Kwa kazi nyingi hulipi hata senti moja. Kinachobadilisha jibu ni mahali kazi inapokwenda, kwenye simu ya mteja au kwenye karatasi ya mchapaji.

Nimevipanga kwa kigezo kimoja: maandishi yasomeke. Paleti yoyote, yaani seti ya rangi ulizochagua zitumike pamoja, inapendeza ikiwa imekaa peke yake kwenye visanduku vitano. Itie kwenye ukurasa wenye bei, namba ya simu na kitufe cha "Nunua", halafu mteja aufungue akiwa kituo cha daladala, jua la saa nane linapiga kwenye kioo cha simu chenye nyufa. Hapo ndipo rangi inapojulikana kama inafanya kazi.

Ndiyo maana kuna kifaa kimoja nisichokipa namba, kwa sababu kinatumika pamoja na vyote: Contrast Checker ya WebAIM, kikundi kinachoshughulikia tovuti zinazotumika na kila mtu, wakiwemo wenye ulemavu. Ni bure na hakidai akaunti. Unaweka msimbo wa rangi ya maandishi (herufi na tarakimu baada ya alama ya #) na wa rangi ya nyuma yake, kinakupa uwiano wa kontrasti, yaani jinsi rangi hizo mbili zinavyotofautiana kwa mwanga na giza. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu tovuti zinazosomeka na kutumika na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, hakuna zaidi ya hapo. Sasa jaribu rangi ya chungwa, #FFA500, ambayo kila muuza juisi anaitaka kwenye kitufe chenye maandishi meupe: inatoka 1.97. Imefeli vibaya. Badilisha maandishi yawe meusi, chungwa ileile ibaki, unapata zaidi ya 10. Mteja atalalamika kwamba nyeupe ilikuwa "safi zaidi". Mpe simu, mtoke naye nje, asome mwenyewe.

Namba moja ni Coolors. Unagonga kitufe cha nafasi kwenye kibodi, zinatoka rangi tano. Unayoipenda unaifunga kufuli, unagonga tena, zilizobaki zinabadilika. Ukiwa tayari na rangi ya nembo, ianze hiyo, ifunge, halafu zitafute zinazokwenda nayo. Ina kipimo chake cha kontrasti, inakuonyesha paleti jinsi anavyoiona mwenye upofu wa rangi, na ina programu ya simu ya Android na ya iPhone. Toleo la bure lina matangazo na mipaka fulani. Kwa anayefanya kazi mbili tatu kwa mwezi, linatosha. Kulipia kuna maana kwa dizaina anayetunza paleti za wateja wengi.

Namba mbili ni Realtime Colors, na kwa wanaotengeneza tovuti ningeiweka hata juu ya Coolors. Badala ya visanduku, inakuwekea ukurasa mzima: kichwa cha habari, aya, vitufe. Unachagua rangi kwa kazi yake: ya maandishi, ya usuli, ya msingi, ya pili na ya msisitizo. Ukigusa moja, ukurasa wote unabadilika palepale, na rangi zikigombana unaziona zikigombana. Kwa bango au fulana haina msaada mkubwa.

Namba tatu ni Adobe Color, ambayo wakongwe wanaikumbuka kwa jina la Kuler. Gurudumu lake la rangi ni zuri kwa anayetaka kuelewa kwa nini rangi mbili zinakubaliana: unachagua kanuni, kama ya rangi zinazotazamana au zinazopakana, unazungusha, zote zinafuatana. Kuhifadhi kazi kunataka akaunti ya Adobe. Ninachokipenda zaidi ni kuchomoa rangi kwenye picha. Piga picha ya kisutu, ile kanga ya harusi, uipandishe: nyekundu, nyeusi na nyeupe zinatoka na misimbo yake. Piga mchana karibu na dirisha, maana chini ya balbu ya manjano nyeupe itatoka kama maziwa ya chai na nyekundu itaelekea kwenye damu ya mzee. Na ujifunze kitu kwenye kisutu chenyewe: kinatosheka na rangi tatu. Kurasa nyingi zinazochosha macho zina rangi tano na kila moja inataka kuwa bibi harusi.

Humohumo Adobe Color kuna sehemu ya kukagua upofu wa rangi. Wa nyekundu na kijani huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa unarithiwa kupitia kromosomu ya X. Kama fomu yako inaonyesha kijani kwa aliyelipa na nyekundu kwa ambaye bado, andika pia maneno "Imelipwa" na "Bado".

Canva naiweka ya nne. Kama tayari unatengenezea matangazo yako humo, jenereta yake ya paleti kutoka kwenye picha inatosha na huna sababu ya kuhangaika kwingine. Haikusukumi sana kufikiria usomekaji, kwa hiyo rudi WebAIM kabla ya kuposti.

Color Hunt ni ya kuvinjari tu: paleti za rangi nne nne zilizochaguliwa na watu, nzuri ukiwa umekwama. Paletton, nayo ya gurudumu la rangi, ina sura ya zamani lakini hesabu yake ya kulinganisha rangi ni safi. Mwalimu wa usanifu ataipenda. Kwa ramani na chati, ziache zote hizi uende ColorBrewer, iliyotengenezwa na Cynthia Brewer, mwanajiografia wa Marekani. Inakupa rangi zinazopanda kwa ngazi, kutoka hafifu hadi nzito, na unaweza kuchuja zile zinazofaa kwa wenye upofu wa rangi au kwa fotokopi.

Kwa kazi ya kuchapa, hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokuokoa peke yake. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu. Mashine ya kuchapa inatumia wino wa samawati, majenta, manjano na nyeusi. Kijani kinachowaka na bluu ya umeme haviwezi kutoka kwenye wino huo, vinafifia. Coolors itakuonyesha namba za CMYK, yaani za wino hizo nne, lakini hayo ni makadirio yasiyojua wino wala karatasi ya mchapaji wako. Omba kipande cha majaribio kwenye karatasi ileile, au kwenye flex ileile kama ni bango, kabla hujalipia nakala 1,000. Mchapaji akikataa, tafuta mwingine.

Ukiamua kulipia chochote, lipa kwa mwezi kwanza. Huduma hizi hutozwa kwa kadi na hujirudia zenyewe hadi uzisitishe. Ukitumia kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, weka kiasi cha mwezi huo tu, na usitishe usajili siku hiyohiyo kama kazi ni moja. Mara nyingi utaendelea kuitumia huduma hadi mwezi uliolipia uishe, ila soma masharti yao kabla ya kubonyeza.