Kitabu cha soo mbili kinachokuita "wewe": Calvino niliyempata inama

Nilikinunua inama, pale unapoinama kuchagua vitabu chini, kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, kwa jamaa anayetandaza vitabu juu ya gunia. Alianza na shilingi 300 tukabishana hadi soo mbili, yaani 200. If on a winter's night a traveler, ya Italo Calvino, Muitaliano. Kilitoka 1979, na hii ya Kiingereza ni tafsiri ya William Weaver ya 1981. Jalada limepauka, mgongo umelegea, lakini maandishi yanasomeka vizuri.

Sentensi ya kwanza tu inakwambia kwamba unaanza kusoma hiki kitabu. Anakitaja kwa jina, na jina lake mwenyewe pia. Halafu anakuelekeza ufunge mlango, uwaambie watu wa nyumbani hutaki TV, ujiweke vizuri. Mimi nilikuwa kwa matatu ya Rongai, jam ya Lang'ata haisongi, muziki juu kabisa, na huyu mtu ananiambia nifunge mlango, jamani nilitazama nyuma kama kuna mtu ananiona.

Hadithi yenyewe: wewe ndiye Msomaji. Umenunua kitabu, umefika ukurasa wa 32 unapata umerudishwa 17, kiwandani walichanganya karatasi. Unakirudisha dukani, unapewa kingine, kumbe ni hadithi tofauti kabisa, nayo inakatika pale pale imekolea. Inaenda hivyo mpaka unakuwa umeanza riwaya 10 na hujamaliza hata moja. Inauma kwa kweli, kuna moja niliitaka sana iendelee hadi nikafunga kitabu nikakaa tu.

Sasa hapa ndipo yangu ilikuja. Katikati nilifika mahali sentensi inaruka, watu wanaongea mambo sijayaona yakianza. Nikasema ni Calvino huyo, ameshanizoesha. Nikaendelea siku 2 nzima nikijiunganishia mwenyewe kichwani nani alimwambia nani nini, hadi usiku mmoja nikaangalia namba: kutoka 152 naingia 161. Karatasi zimechomoka, uzi unaonekana kabisa hapo kwa mshono. Yaani kosa halikuwa lake na mimi nilikuwa nimelifanyia kazi kama lake, nimejaza pengo bila kulalamika kwa sababu nilimwamini.

Na hilo limenifikirisha kuliko kitu kingine chochote ndani ya hiki kitabu. Watu husema vitabu vya aina hii, vinavyojijua kwamba ni vitabu, vinaharibu utamu, eti mwandishi akitoa kichwa nje uongo unavunjika. Mimi sioni hivyo. Nyanya yangu kule Malindi hakuwa anaanza kabla hatujaitikia. "Hadithi hadithi!" Tukinyamaza yeye pia ananyamaza, anaendelea kupepeta mchele wake, mpaka wote tuseme "hadithi njoo!" Tulijua ni hadithi, yeye alijua tunajua, na bado fisi akitokea tunamkimbilia nyanya, tunajificha kwa leso yake. Hata Mwana Kupona, utendi wake wa 1858, kabla hajampa binti yake wosia anamwita kwanza aje aketi na wino na karatasi, kuna jambo moyoni anataka kumwambia. Anayesoma leo anamwona mwenye kusema na mwenye kuandikishwa wamekaa pamoja hapo hapo ndani ya shairi. Kwa hivyo sisi huu mchezo hatujauletewa na ndege.

Lawama yangu ni moja na ni kubwa. Huyo "wewe" ni mwanaume. Unasoma kurasa kadhaa ukidhani ni wewe kweli, halafu anaingia Ludmilla, Msomaji wa pili, na unagundua wewe unatakiwa umtamani. Mimi ni mwanamke, nikajiona nimeondolewa kwa kiti nilichokuwa nimekaribishwa. Sura ya saba anageuka anamwita Ludmilla "wewe", lakini kwa muda tu, tena huku anapekuliwa nyumba yake, jikoni, vitabu vyake. Lugha yetu "wewe" ni ya kila mtu na nilitamani angeiacha hivyo.

Ila huyo Ludmilla ndiye niliyempenda kuliko wote. Kuna wakati anakataa kuenda kwa ofisi za wachapishaji, anasema kuna mpaka kati ya wanaotengeneza vitabu na wanaovisoma, na yeye anataka kubaki upande wake. Namwelewa kabisa, kusoma kwa kupenda tu ni kitu cha kulindwa.

Mfululizo wa majina ya zile riwaya 10 una jambo lake, yaangalieni kwa makini, sisemi zaidi.

Jamaa wa inama nilimrudia. Hakubisha, aliniambia siste chagua kingine chochote hapo kwa gunia, na hiyo ni huduma nzuri kwa mtu anayeuza barabarani bila risiti. Nilikataa kukiacha. Rafiki yangu alikuwa na nakala nzima ya chapa hiyo hiyo, nikapiga fotokopi zile kurasa 8 nikazipachika na gundi. Nilichojitungia kilikuwa mbali kabisa na cha Calvino, na nimekiandika kwa penseli nyuma ya hizo fotokopi, dada yangu akisoma akute zote mbili. Ukienda kununua hapo kagua mshono kwanza, na usilipe zaidi ya soo mbili.