Elfu themanini yangu na sifuri ya Tunduma

Nilishaamua kunyamaza, hasira imepoa. Jana wamenitumia ujumbe wa kunikaribisha "awamu ya pili", basi imepanda upya.

Ilikuwa semina ya siku moja hapa Mbeya, ukumbi fulani maeneo ya Forest, majira yale ya baridi watu wanaingia na makoti. Utamaduni katika biashara za kimataifa. Kiingilio elfu themanini, chai na chakula humo humo. Mimi nauza mchele na mwingi unavukia Tunduma kwenda Zambia, nikaona hii inanihusu.

Asubuhi sina neno. Kijana ana suti, ana slaidi za rangi, kuongea anajua. Akaonyesha nchi zinavyopewa alama. Kwenye umbali wa madaraka, yaani mdogo anavyomnyenyekea mkubwa, Tanzania 64, Uholanzi 38. Nikacheka, maana niliwahi kumwona mnunuzi wa parachichi Mholanzi kule Rungwe akibishana na bosi wake mbele ya wakulima, sisi tunaangalia chini kwa aibu.

Kisha ikaja hesabu yenyewe, ya watafiti Kogut na Singh, 1988. Kwa kila kipimo unachukua alama za nchi mbili, unatoa, tofauti unaizidisha kwa yenyewe, unagawa kwa jinsi alama zinavyotawanyika, mwishoni unatafuta wastani wa vipimo vyote. Huo ndio umbali wa kitamaduni. Watu wa parachichi wakapigiwa ya Uholanzi, wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono: nipigie ya Zambia.

Akabonyeza. Sifuri.

Nikauliza kwa upole kabisa: mwanangu, sifuri inatoka wapi? Nakonde, upande wa Zambia ukivuka tu Tunduma, naacha magunia kwa neno la mdomo. Lusaka hawagusi gunia bila oda iliyosainiwa, na hela unaisubiri mwezi mzima. Akaniangalia kama unavyomwangalia kuku aliyeingia sebuleni. "Mama, haya ni ya kitaalamu, twende na muda." Ukumbi ukacheka. Aliyetufundisha umbali wa madaraka ndiye aliyeupimia mgongoni kwangu. Tangu hapo sikusikia kitu, hata ule wali sikuumaliza, na ulikuwa mzuri.

Jioni binti yangu anayesoma biashara akaingia mtandaoni. Kumbe alama zile ni za Mholanzi Geert Hofstede, zilitoka kwenye fomu zaidi ya laki moja walizojaza wafanyakazi wa kampuni moja ya kompyuta, IBM, kati ya 1967 na 1973. Na sisi, Kenya, Ethiopia na Zambia tulitiwa kapu moja, "Afrika Mashariki", alama zile zile kwa wote wanne. Yaani kijana alitoa 64 kwenye 64! Mtoto wa darasa la pili angempa jibu bila kompyuta. Na mkulima wa Ubaruku miaka hiyo aliijazia wapi fomu ya IBM?

Binti akaniambia yuko mtu, Oded Shenkar, alilalamika tangu 2001 kwamba hesabu hii inafanya umbali wa kwenda uwe sawa na wa kurudi. Huyo elfu themanini ningempa kwa mikono miwili. Mholanzi akija Rungwe anachinjiwa. Mimi nikitaka kwenda kwake naulizwa salio la benki. Umbali sawa huo?

Kwa hiyo nasema msiende, mtapoteza hela.

Ila kuna jambo linanisumbua, nisipolisema nitakuwa mwongo. Juzi juzi nilishusha mzigo Nakonde. Dereva wangu ni Mnyamwanga wa Tunduma, mteja wangu Mnyamwanga wa upande wa pili. Wakasalimiana kwa lugha yao, wakaulizana shangazi, wakaulizana msiba, mpaka chai ikapoa. Mgeni pale nilikuwa mimi Mnyakyusa, Mtanzania mwenzake dereva. Kati ya wale wawili ile sifuri inakaa kabisa. Kijana alipatia? Alibahatisha, tena bila kujua amebahatisha nini. Lakini nami kama nisingekaa kwenye kile kiti nikachekwa, nisingewatazama wale wawili hivyo.

Awamu ya pili wanataka laki na ishirini. Nimewajibu nitakuja, mradi binti yangu aingie bure na tukae mbele.