Mafuta ya nta ya Langoni: yamenifunga michaniko ya mikono, lakini kuna vitu uvijue kabla hujanunua

Haya mafuta nayatumia wiki ya sita sasa na kebe la pili liko nusu, kwa hivyo naona nishafika pa kuyasemea. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni hapa Lamu, upande wa Mkomani. Watu wakisikia kazi ya jikoni wanafikiria moto, kumbe kinachomaliza mikono ni maji. Napara samaki nanawa, nakata vitunguu nanawa, nashika kuku mbichi nanawa, nakamua tui nanawa, bado vyombo, bado sakafu, halafu ikifika swala kuna udhu. Siku moja nilihesabu, adhuhuri haijaadhiniwa nishanawa mara 17. Na maji yetu ya kisima yana chumvi chumvi, sabuni haitoki vizuri, unasuuza lakini bado unahisi kitu kimebaki katikati ya vidole.

Januari ndio ikazidi. Kaskazi ilikuwa inavuma na wageni wamejaa, mikono ikaanza kukakamaa, nikikunja ngumi ngozi ya juu ya vifundo inavuta kama nguo iliyokauka na sabuni. Halafu ikachanika. Kulikuwa na mchaniko mmoja pembeni ya ukucha wa kidole gumba cha kulia, mdogo tu, kama mkato wa wembe, lakini kila nikikamua ndimu unafunguka na kuchonyota mpaka machozi yananitoka. Usiku nikivuta shuka, nyuzi zinanasa kwenye vidole. Mtu ambaye hajapitia hii hawezi kujua inavyochosha, sababu mikono huwezi kuipumzisha, kazi ndio hiyo na wageni wanataka chakula.

Nilianza na losheni. Nilinunua moja kwenye duka la vipodozi, chupa nzuri, harufu ya maua na picha ya limau, shilingi 450. Dakika mbili za kwanza mikono laini, dakika ya tatu imeshakauka, na ile harufu yake ikawa inawasha pale palipochanika mpaka vipele vikatoka kati ya vidole. Mdogo wangu ni muuguzi, ndiye aliyenieleza kwamba kwa ngozi iliyopasuka manukato ni adui, na kwamba losheni nyingi za chupa ni maji mengi na mafuta kidogo, maji yakishapaa hamna kilichobaki. Akanieleza na habari ya sabuni pia. Ngozi ina tindikali kidogo, pH yake (kipimo cha tindikali, namba ikipanda tindikali inapungua) kama 5 hivi, sabuni ya kipande ni 9 au 10, basi kila ukinawa unaondoa yale mafuta ya asili yanayoshikilia unyevu ndani, na kabla hayajarudi ushanawa tena. Kwa hivyo si kwamba ngozi imekosa maji, maji inayapata kutwa nzima, imekosa kifuniko cha kuyazuia yasitoke. Hilo neno la kifuniko ndilo lililonifungua akili.

Ndio nikaenda Langoni, upande wa pili wa mji. Kuna mama mmoja anauza vitu vya nyumbani, udi, hina, uto wa simsim, mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe, duka halina hata kibao, ukipita Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kutoka sokoni pale Ngomeni ukielekea Langoni uliza tu mafuta ya nta utaonyeshwa. Aliponiona hakuniuliza nataka nini, aliniambia kwa Kiamu "ndoo (njoo) mwanangu, mikono hini imekuwaje", akaishika akaigeuza kiganja juu, akabonyeza ule mchaniko kwa upole, akanyamaza kidogo. Halafu akachota mafuta kwa ncha ya kidole, kiasi cha punje ya mbaazi, akanipaka yeye mwenyewe. Kebe dogo shilingi 150, kubwa 300. Nikachukua dogo.

Mle ndani mna vitu vitatu tu na yeye hafichi: mafuta ya nazi, uto wa simsim na nta ya nyuki inayotoka bara. Tui analichemsha mpaka mafuta yanapanda juu na mashapo yanakaa chini yakiwa kahawia, anachuja. Nta anaiyeyusha kwenye sufuria ndogo iliyowekwa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, anaichuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu, halafu anachanganya, sehemu moja nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta. Nta ndiyo siri yake. Mafuta ya nazi matupu yanayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Lamu nyuzi 24 zinafika jua halijapanda, kwa hivyo ukipaka mafuta ya nazi peke yake yanateleza yanaisha kwenye kanga. Nta haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 60, ndio maana haya yanakaa mazito kebeni hata mchana wa jua kali, na ukipaka yanaganda juu ya ngozi kama ngozi ya pili.

Sasa wiki ya kwanza nilitaka kuyatupa, nasema ukweli. Nilikuwa nayapaka mikono ikiwa imekauka kabisa, yanakaa juu yanateleza, ndani bado kukavu. Nikarudi kumlalamikia. Akaniuliza "wapaka mikono ikiwa na maji au mikavu?" Nikamwambia mikavu. Akasema basi hapo wafungia ukavu ndani. Mdogo wangu naye alipokuja akasema neno hilo hilo kwa maneno yake ya hospitali. Kwa hivyo sai nafanya hivi: nanawa kwa maji ya uvuguvugu au baridi, si ya moto, sababu maji ya moto yanavua mafuta haraka zaidi, navua pete kwanza maana sabuni inajificha chini yake, nasuuza sana, halafu nagusagusa na taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevu, hiyo dakika moja mbili, ndio napaka. Kidogo tu. Ukipaka mengi ni hasara na yanachafua.

Usiku ndio dawa yenyewe. Nikishaswali isha na sina kazi tena ya maji, napaka nene, hasa kuzunguka kucha na juu ya vifundo, halafu navaa glovu za pamba, zile nyeupe nyembamba, na kama huna hata soksi safi za pamba zinafaa. Asubuhi ya nne ule mchaniko wa kidole gumba ulikuwa umefunga. Siku ya kumi nilikamua ndimu kumi na mbili za achari na sikuhisi kitu. Nilisimama pale jikoni nimeshika ganda la ndimu natazama kidole, wallahi nilifurahi.

Kuhusu udhu, hili wenzangu wengi mtaliuliza na mimi lilinisumbua. Nilimuuliza maalimu wetu, akasema mafuta yaliyoingia ngozini hayana neno, lakini kama nta imejenga utando unaozuia maji yasifike kwenye ngozi basi lazima uutoe kwanza. Haya mafuta ukipaka nene yanafanya utando, unaona kabisa maji yanaviringika juu kama kwenye jani la mgomba. Kwa hivyo mchana natumia kidogo sana au natumia glisarini, na kabla ya udhu nafuta kwa kitambaa cha uvuguvugu. Alfajiri nikivua glovu ndio naosha kwa sabuni kidogo. Kama hili ni zito kwako chukua krimu ya kawaida isiyo na nta.

Vitu vinavyonikera. Harufu, kwanza. Si mbaya, ni harufu ya asali na moshi kidogo, lakini wakati mwingine mafuta ya nazi yanakuwa hayakukauka maji vizuri na kebe likikaa mwezi linaanza kunuka ukale. Kebe langu la kwanza lilifanya hivyo mwishoni, nilimwambia, akanibadilishia bila maneno. Hakuna tarehe wala karatasi ya viungo, ni kumuamini yeye, na hilo naona alirekebishe, maana kuna watu nta inawadhuru. Ukiwa na ngozi ya mzio paka kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, kaa siku mbili uangalie. Kifuniko cha kebe ni kigumu, ukishapaka huwezi kukifungua tena kwa vidole vyenye mafuta. Na ukipaka mchana usishike simu wala glasi.

Nimejaribu na vingine, niseme kwa ufupi. Vaseline ya kawaida isiyo na manukato inafanya kazi karibu sawa na hii, tena bei rahisi na inapatikana kila duka, kama huwezi kufika Langoni tumia hiyo hiyo kwa njia ile ile. Krimu ya urea asilimia 10 ya duka la dawa ni nzuri kwa ngozi iliyokuwa ngumu kama magaga, lakini usipake kwenye mchaniko ulio wazi, inachonyota vibaya sana. Glovu za mpira kwa vyombo zinasaidia, ila kama ndani mmeingia maji zitoe, mkono ukilowa ndani ya glovu unaharibika zaidi. Na mdogo wangu kule hospitali anasema mikono isipokuwa na uchafu wa kuonekana anatumia sanitaiza yenye glisarini, ile fomula ya Shirika la Afya Duniani imewekwa glisarini asilimia 1.45 kwa ajili hiyo ya ngozi, na inamkausha kidogo kuliko sabuni. Kwangu haifai, magamba ya samaki hayatoki na sanitaiza.

Tafadhali msipake ndimu wala zile krimu za kujichubua kwa kudhani zitalainisha. Nimeona dada mmoja kazini alifanya hivyo, mikono ikawa myekundu na ngozi nyembamba kama ya kitunguu. Na kama mchaniko unatoa usaha, umevimba, au wiki mbili zimepita unapaka vizuri na haufungi, hiyo si kazi ya mafuta tena, nenda ukaonwe, inaweza kuwa ni mzio wa sabuni yenyewe au fangasi.

Kwa ujumla nayapa 4 kwa 5, ile moja naitoa kwa ajili ya tarehe na harufu. Duka anafunga baada ya adhuhuri mpaka alasiri, kwa hivyo nenda asubuhi au jioni. Chukua kebe dogo kwanza, hilo kubwa linaweza kuchacha kabla hujalimaliza kama uko peke yako. Na likiisha usilitupe, lioshe umrudishie, anakupunguzia shilingi 30.