Mrija wa FuelHawk wa kupimia mafuta ya ndege ndogo
Kwa rubani wa Cessna 172, ambaye geji za mafuta hazimpi uhakika wa kutosha, mrija huu wa plastiki angavu unastahili bei yake: unauzamisha hadi chini ya tangi lililomo bawani, unaziba tundu la juu kwa kidole, unautoa na kusoma mafuta yalipofikia. Sheria ya Marekani hudai akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku (kwangu mimi ni ndogo mno), na hapa unaihakiki kabla ya kuwasha injini. Kasoro yake ni alama za galoni za Marekani, zinazomlazimu anayenunua kwa lita kuzidisha kwa 3.785. Vilevile, ndege ikiegeshwa mtelemkoni, kipimo hupotoka.