Kangal na Mbwa wa Pirenei: Yupi Alinde Zizi?

Mbwa hawa wawili wa kulinda mifugo ni majitu ya kazi moja, kwani hulelewa pamoja na kondoo tangu wakiwa wadogo, huwachukulia kondoo hao kuwa jamaa zao, na huwalinda bila kungoja amri ya mchungaji. Kangal hutoka mkoa wa Sivas nchini Uturuki. Mwenzake hutoka milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania. Dume wa kila upande huweza kuzidi kilo 50, kwa hiyo uzito hauamui jambo.

Kinachoamua kwanza ni manyoya. Mbwa wa Pirenei ana manyoya meupe, marefu na mazito, yanayomkinga vyema na theluji lakini humtesa penye joto kali. Kangal, mwenye rangi ya mchanga na uso mweusi, ana manyoya mafupi zaidi na amezoea kiangazi kikali. Ndiyo maana mbwa wa ukoo wake wa Anatolia, yaani upande wa Uturuki ulio barani Asia, walichaguliwa Namibia, ambako tangu 1994 shirika la kuhifadhi duma la Cheetah Conservation Fund huwapatia wafugaji mbwa hao ili mbuzi wapone na duma wasipigwe risasi. Nauheshimu sana mpango huo, maana huokoa pande zote mbili.

Kwa tabia, mbwa wa Pirenei hutegemea zaidi kubweka, hasa usiku, jambo ambalo ni kero ya kweli penye majirani wa karibu. Kangal naye hubweka, kisha hujiweka kati ya kundi na adui, na ikibidi hupigana. Penye wanyama wakali ningemchagua yeye, mradi mfugaji awe na eneo pana.